Paa, herufi nne

Jumapili nimeharibu fumbo la maneno la bamdogo, tena kwa kalamu ya wino maana penseli yake sikuiona. Swali lenyewe lilikuwa neno moja tu, "Paa", herufi nne, mi fasta nikajaza DARI nikarudi kwenye chai yangu. Najua dari siyo paa, dari iko chini yake, ila watunzi wa haya mafumbo huwa hawajali sana hayo.

Kumbe kwenye ile R kuna neno linashuka, "Eneo la diwani", herufi nne, na hapo hakuna ubishi ni KATA. Kwa hiyo R inatakiwa iwe K. Nikakaa nawaza yule paa wa porini, nikajaribu swala, ana herufi tano haingii, mpaka bamdogo akapita nyuma yangu akachungulia akasema "we mtoto, ndege inafanyaje?" RUKA. Aisee.

Ndo nikaelewa ujanja wao. Mtunzi akiandika "paa la" nishajua anasema nyumba, akiandika "paa wa" nishajua mnyama. Taa ya mezani na taa wa baharini, mbuzi wa zizini na mbuzi ya kukunia nazi, kaa la moto na kaa wa ufukweni, Kiswahili kinakuuzia siri kwenye hako kaneno kadogo kanakofuata, sasa yeye anakanyofoa anakuachia jina tupu, na bado hujui kama ni jina au anakwambia ukae. Hiyo KATA yenyewe kesho anaweza kuiulizia kwa kisu, au kwa ile ya kuchotea maji, au ile wanayoweka kichwani chini ya ndoo, na zote halali. Barabara ndo kabisa, ukikaza sauti kwenye -ra- ya kwanza ni kitu kimekaa sawasawa, ukikaza kwenye -ba- ya mwisho ni njia ya magari, na vile vijumba havina sauti.

(Mwanangu ana miaka sita, kaona pameandikwa KULIA juu ya maswali akaniuliza kwani babu analia nini.)

Mpaka naandika hapa limebaki moja. "Ziwa", herufi nne, ya pili ni I. Bamdogo kaandika KIVU kwa wino, kakunja gazeti, kaweka miwani mfukoni. Mi naona kuna TITI pia inaingia vizuri tu, na neno linaloshuka kwenye herufi ya tatu, ambalo lingetuamulia, hatujalipata wote wawili. Ila baba yangu mdogo yule, na shangazi kakaa palepale anachambua mchele, namwambiaje?