Mikono iliyozidi

Jana nilijaribu shati jipya, mama watoto akacheka mpaka akakaa chini, maana mikono ya shati iliishia njiani kama kawaida. Binti yetu akauliza, "Baba, mbona mikono yako imezidi?"

Nilitaka nimjibu kiutani nikakwama. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa na kocha wangu wa ngumi nikiwa na miaka 19, na yule hakuwa anatania. Alichukua tepu ya fundi nguo, akaniambia nyoosha mikono pembeni, akapima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Sentimita 196. Urefu wangu ni 183, na kwa watu wengi hivi vipimo viwili havipishani sana. Akaikunja tepu taratibu, akasema, "Kijana, umepewa mkuki, wewe unang'ang'ania kupigana kwa kisu."

Kisu chenyewe kilikuwa Mike Tyson. Nilikuwa nimeangalia mapambano yake mpaka nayaota. Kuchuchumaa, glovu zote mbili mashavuni, kichwa kinayumba kulia kushoto, anapita chini ya ngumi ya mwenzake halafu anafumuka na makonde ya pembeni. Kocha alinieleza mara mia kwamba Tyson ana sentimita 178 tu na mikono yake ni kama 180, kwa hiyo kule ndani hakwenda kwa mapenzi, alienda kwa sababu akibaki mbali na majitu ya uzito wa juu anakula jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, usiku kucha. Na nguvu zake zinatoka kwenye mapaja na kiuno, sasa mimi kilo 67 na miguu ya korongo hayo mapaja nayatoa wapi? Akanitajia Tokyo, Februari 1990, jinsi Buster Douglas mwenye mikono ya sentimita 211 alivyomchomachoma Tyson kwa jebu mpaka raundi ya kumi akamlaza. Mimi nikasema ile ilikuwa bahati.

Basi, pambano langu la nne la ridhaa nikapewa jamaa mfupi, kifua kama pipa. Raundi ya kwanza siikumbuki vizuri. Ya pili ndiyo naikumbuka kama jana.

Nimeinama kama Tyson, yaani nimekishusha kidevu changu kwa hiari yangu mpaka pale ngumi zake zinapofika bila shida, ningekuwa nimesimama wima angelazimika kurukia. Amenibandika kichwa kifuani, nywele zake zinanikwaruza shingo, dawa ya kuchua inanuka mpaka macho yanatoka machozi. Na mikono yangu haina pa kwenda! Mkono mrefu unataka nafasi ya kunyooka, ukibanwa unakuwa kama ngazi ndani ya chumba kidogo, ukiigeuza inagonga ukuta. Kila ngumi ninayorusha inapita inaangukia nyuma ya bega lake, refa ananionya eti napiga kisogo. Yeye viwiko vimekaa mbavuni mwake, ngumi inasafiri shubiri moja tu, tumbo, tumbo, kidevu, anapiga kama mtu anayekanda unga, wala hana haraka.

Nikachoka. Nikamsukuma, nikarudi hatua moja, na mkono wa kushoto nikauacha umenyooka hivihivi, siyo kwa akili, nilitaka tu akae mbali nivute pumzi. Akaja mwenyewe akajigonga pua kwenye glovu. Akasimama. Akajaribu tena, akajigonga tena. Akarusha konde likakata upepo mbele ya uso wangu, nikaliona likipita polepole kabisa, halinifikii. Kwenye kona kocha anapiga kelele "Hapohapo! Baki hapohapo!" na kwa sekunde kama kumi hivi nilijua kila kitu alichokuwa ananiambia mwaka mzima.

Halafu nikachuchumaa tena nikarudi ndani.

Mpaka leo sijui kwa nini. Nadhani niliona aibu, kumzuia mtu kwa mkono ulionyooka niliona ni kama kukimbia, na ukumbi ulikuwa umejaa. Nikapoteza kwa pointi, mbavu zikaniuma wiki mbili. Baadaye nilijifunza jebu nikashinda mapambano kadhaa kwa mbali, majaji wanahesabu, watu wanapiga miayo, na mimi mwenyewe sikuwahi kufurahi kama zile raundi nilizokuwa napondwa. Kocha alisema nina mwili wa mtu mmoja na roho ya mwingine. Hata bondia Thomas Hearns, mtu wa mikono ya sentimita 198, mwaka 1985 alisimama akabadilishana makonde na bondia mwenzake Marvin Hagler badala ya kumweka mbali, akapigwa akaishia raundi ya tatu, kwa hiyo angalau niko na wenzangu wa maana.

Binti alisikiliza yote haya akasema haamini kwamba mtu mfupi anaweza kunipiga. Nikanyoosha mkono nikamshika paji la uso, nikamwambia haya, nipige. Akarusha, akarusha, hafiki, anacheka. Halafu akatulia kidogo, akaangalia mkono, akainama akapita chini yake na kunichapa tumboni, na hakuna aliyemfundisha.

Shati nimelirudisha dukani.