Fulana ya Mei Mosi haitoshi, mpeni mtu tarehe ya mshahara

Kila ikifika Mei Mosi hapa Tanga utaona fulana mpya, kofia mpya, mabango, wafanyakazi wanapita mbele ya mgeni rasmi, halafu wanaitwa wafanyakazi hodari mmoja mmoja, huyu cheti na bahasha, yule friji, makofi, picha, watu wanarudi zao makwao. Sina ugomvi na Mei Mosi, naipenda na fulana navaa. Ila kinachoniuma ni kwamba matajiri wengi wakishatoa hiyo fulana na cheti wanaona wamemaliza, moyo wa kazi wa mwaka mzima wameshaugawa, na kesho yake mambo ni yale yale, mshahara wa mwezi wa nne bado haujatoka na hakuna wa kukwambia utatoka lini.

Mimi kazi yangu ni ukarani, stoo na mahesabu, kwenye biashara za watu huku Ngamiani, kwahiyo haya mambo nayaona kila siku. Na nasema kabisa, kinachoua moyo wa kazi kwanza sio mshahara mdogo, ni mshahara usio na tarehe. Mdogo mtu anaupangia, anajua mwisho wa mwezi nalipa kodi ya chumba Makorora, napunguza deni dukani, namtumia mama kidogo Lushoto, maisha yanasogea. Sasa usio na tarehe hata uwe mkubwa unamfanya mtu aishi kwa kukopa, na mtu anayedaiwa yupo kazini mwili tu, akili yote ipo kwenye simu inayoita. Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi, tajiri mkarimu kweli kweli, Idi anachinja watu wanakula pilau, ukifiwa mkono wa kwanza ni wake, Mungu ambariki kwa hilo. Lakini mshahara unasogea mpaka katikati ya mwezi mwingine na ukiuliza unaonekana huna shukrani. Wale wanaojua kazi ndio walikuwa wa kwanza kuondoka, maana wao hawakosi pa kwenda.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Frederick Herzberg, miaka ya 1950 yeye na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu kama 200 hivi wa maeneo ya Pittsburgh, swali lao lilikuwa rahisi tu, niambie lini ulijisikia vizuri sana kazini na lini ulijisikia vibaya sana. Majibu yakawa hayafanani. Waliojisikia vibaya walitaja sera za kampuni, usimamizi mbovu, mshahara, mazingira ya kazi. Waliojisikia vizuri wakataja kazi waliyoifanya ikakamilika vizuri, kutambuliwa, kupewa jukumu, kazi yenyewe kuwa na maana. Kitabu chao kilitoka 1959. Kwa maneno yetu ni kwamba hela inaondoa manung'uniko, ila mtu kuipenda kazi kunatoka sehemu nyingine. Nakubaliana naye ila kwa huku kwetu natia mkazo kwenye mpangilio, wale walikuwa wahandisi, mshahara wanao. Huwezi kuruka hatua ya kwanza ukaenda kumpa kibarua hotuba ya kujituma wakati hajui leo watoto watakula nini.

Henry Ford, yule mwenye kiwanda cha magari Marekani, yeye hakuzunguka. Mwaka 1913 watu walikuwa wanaacha kazi kiwandani kwake kiasi kwamba aliajiri zaidi ya watu elfu 50 ili tu abaki na kama elfu 14. Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya walichokuwa wanapata, na saa za kazi zikashuka kutoka 9 mpaka 8. Watu wakatulia. Ila alituma pia wakaguzi majumbani kwao kuangalia wanaishije ndio wastahili hiyo hela yote, hapo mimi simfuati, ukishamlipa mtu jasho lake nyumbani kwake hakukuhusu.

Na sisi wa Tanga habari ya kulipwa kwa kipimo hatukuanza jana. Enzi za mkoloni kwenye mashamba ya mkonge mtu alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, kila ukimaliza kazi uliyopimiwa unawekewa alama, kadi ikijaa ndio unalipwa. Siku ambayo kazi yako haijatimia haihesabiki, hata kama ulitoka jasho kuanzia alfajiri. Nawaza sana hili kila nikisikia mtu anasema lipa kwa kipimo watu watakimbia. Watakimbia ndio, lakini watakimbilia kile unachokilipia tu.

Hili nililiona kwa macho yangu na makuli wa sukari. Tajiri alikuwa anawalipa kwa mfuko, lori likifika ni mbio, mfuko unatupwa, mfuko unaburutwa, na kila lori mifuko kadhaa inachanika, sukari inamwagika pale mlangoni nyuki wanajaa. Akaanza kukata hela, kila mfuko uliochanika unakatwa kwa aliyeubeba. Hapo ndio ikawa vurugu, kila mtu anasema nimeukuta hivyo hivyo, wanagombana mpaka kushikana mashati, na mifuko ikaendelea kuchanika.

Mwishowe mdogo wake tajiri, kijana mtulivu sana, akawaita wote wakakaa kivulini na chai na chapati, akawauliza mifuko inachanikia wapi. Yaani kuwauliza tu. Mzee mmoja katika wale makuli akanyanyuka akaenda mpaka mlangoni akaonyesha chuma cha kizingiti, ncha imechomoza upande wa kushoto, kila anayepita na mzigo akiyumba kidogo inakwangua. Wote walikuwa wanaijua siku zote hizo, wameshachanika na suruali pale, ila hakuna aliyewahi kuwauliza na wao waliona sio kazi yao kusema, wakisema wataambiwa wanatafuta visingizio. Fundi akaja siku ile ile akaikata. Kisha wakakubaliana hivi, makato hakuna tena, bei ya mfuko ile ile, ila wiki ikiisha mifuko iliyochanika ikiwa chini ya idadi waliyopanga wote wanapata nyongeza sawa, na mmoja wao waliyemchagua wenyewe anahesabu pamoja na mimi, vitabu viko wazi. Wiki hazikupita nyingi wenyewe wakaomba ubao wa kuweka kutoka kwenye lori mpaka mlangoni. Na akija kuli mgeni anatupa mifuko hovyo, kabla hata sijafungua mdomo ameshaambiwa, we kaka weka taratibu, hapa hatutupi.

Mambo ya sheria nayapita haraka ila muyajue. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida mwisho 45 kwa wiki, ovataimu inalipwa mara moja na nusu, likizo ya mwaka siku 28 za malipo. Utasikia bosi anatangaza likizo kama ofa aliyowapa kwa upendo wake. Ni haki yako, chukua ukapumzike. Motisha inahesabiwa kuanzia juu ya hapo.

Kuna dada mmoja wa kaunta nataka nimtaje maana nafurahi kila nikimuona. Alikuwa anauza tu, mteja akiuliza unga fulani umeisha anasema umeisha, basi. Tajiri akampa ruhusa ya kuagiza unga na mafuta mwenyewe mpaka kiwango fulani bila kumuuliza mtu. Sasa hivi anajua mama lishe gani anachukua unga gani na siku gani, kabla ya Ramadhani ameshaagiza mapema ngano na tambi, na mwakilishi wa msambazaji akija anamtafuta yeye. Miezi ya mwanzo alifanya yote hayo kwa mshahara ule ule, ikabidi niende kwa tajiri na daftari la mauzo nimuonyeshe, nikamwambia kazi imeongezeka na hela iongezeke, hatuwezi kumwambia majukumu ndio heshima yake. Akaangalia zile namba akakubali, na nyongeza ikaanza mwezi ule ule, tarehe 28 kama wengine.