Nyayo za Kunde

Nilikuwa nimepiga simu hotelini mara mbili. Mara ya kwanza kuuliza kama wanapokea mbwa, mara ya pili, siku moja kabla ya safari, kuhakikisha kwamba jibu halijabadilika. Mara zote mbili niliambiwa mlete tu, hakuna shida, ila kuna ada ya ziada na amana ambayo hurudishwa wakati wa kuondoka. Nikalipa vyote. Nikawatajia hata uzito wake, kilo 27, ili asije mtu akasema hakuambiwa.

Kunde alikuwa na miaka 12. Nilimpa jina hilo kwa rangi yake, maji ya kunde hasa, ingawa kufikia wakati ule kidevu kilikuwa kimeshajaa mvi. Miguu ya nyuma ilikuwa imeanza kumkatalia. Tulikuwa tunatoka kwa daktari wa mifugo, safari ya siku mbili kwa gari, nami nilihitaji mahali pa kumpumzisha usiku mmoja tu.

Tulifika saa nane mchana. Mhudumu wa mapokezi aliponiona alitabasamu. Alipomwona Kunde, tabasamu likakatika.

"Dada, huyo ndiye mbwa mwenyewe?"

Nikamwambia ndiye. Nikampa kadi ya chanjo, ukurasa wa kichaa cha mbwa ukiwa umeshafunuliwa. Aliishika kwa ncha za vidole viwili, akanirudishia bila kuisoma. Akasema chumba hakitakuwa tayari mpaka saa tisa. Mimi naweza kukaa pale kwenye viti, lakini mbwa akasubiri kwenye gari.

Jua lile! Gari lililofungwa likikaa juani, joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi katika dakika 10 za kwanza, na halikomei hapo. Kuteremsha kioo kidogo hakusaidii chochote cha maana. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, yeye hujipoza kwa kuhema, sasa akihema hewa ya moto atapoaje? Nilimweleza yule mhudumu hayo yote kwa upole. Akanijibu, "Ndio utaratibu wetu, dada." Basi tukasubiri nje sote wawili, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, saa nzima, namnywesha maji kwa kiganja maana bakuli lake tulikuwa tumelisahau kwa daktari.

Kilichoniuma zaidi kilitokea tulipoingia ndani. Kunde akiwa na hofu, nyayo zake hulowa. Mbwa hutokwa jasho hapo, kwenye zile nyama laini za chini ya miguu, na juu ya vigae vinavyong'aa alikuwa anaacha alama za unyevu, doa moja kubwa na manne madogo mbele yake, hatua baada ya hatua.

"Ameshakojoa!" mhudumu akasema kwa sauti, na watu waliokuwa wamekaa wakageuka.

Niliinama, nikaigusa alama moja kwa kidole, nikamwonyesha. Ni jasho, nikasema, anaogopa tu. Hakunisikiliza. Alimwita mama wa usafi, naye akaja na ndoo na tambara la kupigia deki, akatufuata nyuma kwenye ujia mrefu akifuta kila mahali Kunde alipokanyaga. Anakanyaga, tambara linapita. Anakanyaga, linapita. Simlaumu yule mama, alikuwa ametumwa. Lakini Kunde alikuwa akigeuka kila mara kutazama kinachomfuata, na miguu yake mibovu ikaanza kuteleza kwenye maji ya deki, mpaka nikambeba.

Chumba kilikuwa cha mwisho kabisa, ukutani mwa mashine za kufulia. Zulia lilikuwa limeondolewa. Alama yake bado ilionekana sakafuni. Dawa ya kusafishia ilikuwa kali hata macho yangu yakawasha, sembuse pua ya mbwa. Nilipiga simu mapokezi kuomba bakuli lolote la maji, nikajibiwa vyombo ni vya wageni. Nikavua sweta langu, nikamtandikia ili asiteleze, akalala juu yake bila kujigeuza hadi usiku.

Wapo watu wanaowaogopa mbwa, wapo wenye mzio wa manyoya, na hoteli ikisema haipokei wanyama ina haki yake. Ningekwenda kwingine, na nisingenung'unika. Ila kumwambia mtu karibu kwenye simu, ukapokea na fedha yake, halafu akifika ukamfuata na tambara, hilo sijalisamehe mpaka leo.

Chakula sikula. Kwenye ukumbi wa kulia mbwa haruhusiwi, na kumwacha peke yake chumbani haruhusiwi pia. Usiku meneja aligonga mlango kusema wageni wanalalamikia kelele. Kunde alikuwa amelala, wala hakuwa amebweka hata mara moja tangu tuingie. Nilimsogezea mlango aone mwenyewe. Alitazama, akaondoka bila kusema samahani.

Asubuhi amana yangu haikurudishwa. Waliniambia imeingia kwenye usafi maalumu. Niliomba twende pamoja chumbani wanionyeshe unywele mmoja kitandani, wakasema si lazima. Sikuwa na nguvu za kubishana. Kunde alikuwa amesimama kando yangu, na pale mbele ya kaunta alama zile za unyevu zilikuwa zimeanza tena kujitokeza chini yake.

Nilimbeba mpaka kwenye gari, nikamlaza kwenye kiti cha nyuma. Kabla ya kuwasha injini nilikaa naye, nikashika nyayo zake moja moja viganjani mwangu. Zilikuwa bado na majimaji, na za baridi. Nikazishika hivyo hivyo mpaka zikakauka.