Taa za Ruta Zinawaka, Kurasa Hazifunguki

Jumamosi moja jioni taa zote za ruta nyumbani zilikuwa zinawaka na simu ilionesha kuwa imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Mdogo wangu alitaka tuizime ruta na kuiwasha, dawa ambayo kwetu hutibu kila ugonjwa. Nilimwomba asubiri, nikaanza kuyakagua matabaka ya mtandao, yaani ngazi za kazi zinazotegemeana, kutoka chini kwenda juu.

Vyuoni tulifundishwa mfano wa matabaka saba uliochapishwa na shirika la viwango la ISO mwaka 1984. Intaneti yenyewe, hata hivyo, huendeshwa kwa itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta) za TCP/IP, ambazo chimbuko lake ni kazi ya wataalamu wa kompyuta Vint Cerf na Bob Kahn katika miaka ya 1970, na ambazo mtandao wa ARPANET wa Marekani ulihamia rasmi tarehe 1 Januari 1983. Hizi huelezwa kwa matabaka manne, na kwa anayetafuta hitilafu naona manne yanatosha kabisa.

La chini kabisa ni la waya, mawimbi ya redio na nyuzi za mkongo. Hitilafu ya hapa haitibiwi kwa programu: mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini mwezi Mei 2024, ilibidi meli iende kuiunga. Kwangu simu na ruta zilikuwa zikiwasiliana vizuri, hivyo nikapanda kwenye IP, tabaka linaloipa kila pakiti, yaani kipande cha data, anwani ya mtumaji na ya mpokeaji bila kujali kama imebeba picha au salamu, na bila kuahidi kwamba itafika. Nilituma amri ya ping, inayouliza kama kompyuta ya mbali inafikika, kwenda anwani 8.8.8.8, na majibu yakarudi. Njia ilikuwa wazi.

Kwa kuwa IP haitoi ahadi, mzigo huo hubebwa na TCP katika tabaka la tatu. Pande mbili hubishiana hodi kwanza kwa ujumbe wa aina tatu, hodi, karibu na ahsante. Kisha kila baiti huhesabiwa, na kilichopotea njiani hutumwa tena. Uangalifu huo una gharama: kati ya baiti 1500 zinazobebwa na fremu, yaani kifurushi kimoja, ya Etheneti (mtandao wa waya), IP huchukua angalau 20 na TCP 20 nyingine. UDP, jirani yake, haipigi hodi, na ndiyo maana maswali mafupi ya DNS, itifaki ya tabaka la juu inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, kwa kawaida hupita humo.

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Seva ya majina ya mtoa huduma wetu haikuwa ikijibu, hivyo simu ilikuwa na njia lakini haikujua anwani ya inakokwenda. Kwa bahati, 8.8.8.8 niliyokuwa nimeipigia ping nayo ni seva ya majina. Niliiandika kwenye mipangilio ya simu, na kurasa zikafunguka. Ruta yenyewe hatukuizima.