Gen 3 au Gen 4? Nilivyochagua SSD ya ThinkPad yangu

ThinkPad T480 ni laptopu ya mwaka 2018, na iliyotumika unaipata kirahisi Dar es Salaam. Yangu ilikuja na SSD, yaani diski ya kuhifadhia mafaili, ya gigabaiti 256, ikajaa picha za harusi ninazohariri. Nikaenda Kariakoo kutafuta ya terabaiti moja, muuzaji akaniwekea mbili mezani. "Kaka, chukua hii Gen 4, spidi yake mara mbili ya hiyo nyingine."

Gen 3 na Gen 4 ni kizazi cha tatu na cha nne cha PCIe, yaani njia zinazopitisha data kati ya SSD na kompyuta. Alichosema ni kweli. Samsung 970 EVO Plus, ambayo ni Gen 3, husoma hadi megabaiti 3,500 kwa sekunde; 990 PRO, ya Gen 4, hadi 7,450. Ila mimi nilishasoma vipimo vya T480 kabla ya kutoka nyumbani. SSD yake hukaa kwenye adapta, pale panapoweza kukaa hata diski ya inchi 2.5, na njia za PCIe 3.0 zinazofika hapo ni mbili tu badala ya nne. Kila njia hupitisha takriban megabaiti 985 kwa sekunde. Hata ukiweka Gen 5, hufikishi 2,000.

Basi nikaachana na habari za Gen, nikauliza ninayoyajali zaidi. Chipu zake ni TLC (biti tatu kwa kila seli) au QLC (biti nne)? Maana QLC, kache (sehemu ya haraka inayopokea data kwanza) ikijaa katikati ya kunakili mafaili makubwa, spidi hushuka vibaya. Ina DRAM yake, yaani kumbukumbu ya haraka ndani ya SSD yenyewe? Dhamana inafika terabaiti ngapi za kuandika? Hapo zote mbili ni 600. Nikachukua 970 EVO Plus, na pesa iliyobaki nikaongeza RAM, ambayo Lightroom, programu ninayohariria picha, inaihitaji kweli.

Nilipoifunga, programu ya kukagua diski, CrystalDiskInfo, ikaandika "PCIe 3.0 x2 | PCIe 3.0 x4": kushoto ni inachopata, kulia ni inachoweza. Kusoma kulifika kama 1,700, na kwa picha inanitosha kabisa.

Ningekuwa na deskitopu inayokubali Gen 4, tuseme yenye ubao mama wa B550 na prosesa ya Ryzen 5 5600X, nikihariri video nzito, ningelipia Gen 4 bila kusita. Na bei zikilingana, ichukue hata kama mashine yako ni ya Gen 3: itakwenda kwa spidi ya mashine, na ukibadilisha kompyuta unahama nayo.