Siku moja mezani pa mfunga nzi

Saa 11:30 alfajiri. Kabla ya chai nakagua vidole. Ngozi ikipasuka, uzi mwembamba hunasa hapo na kukatika, kwa hiyo usiku najipaka mafuta kama bibi harusi. Asubuhi sipaki hata tone, maana manyoya yakigusa mafuta hushikana.

Saa 1:00 niko kwenye matatu, Thika Road. Msongamano. Tuupite.

Saa 2:00 naketi mbele ya jiliwa, kibanio kinachoshika ndoano. Nzi ninaowafunga si wale wa jaani. Ni ndoano ndogo tunayoivika manyoya, uzi na waya mpaka samaki aone mdudu. Wanaozinunua ni wavuvi wa starehe, wengi wao Ulaya na Marekani. Kazi hii imo Kenya tangu enzi za wakoloni, na wengi wanaoifanya ni wanawake ambao hawajawahi kushika ufito wa kuvulia.

Oda ya leo ni dazeni ishirini za nzi aitwaye Pheasant Tail, yaani mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku; ndoano namba 16. Kwetu namba ikipanda, ndoano inashuka: namba 16 inakaa juu ya ukucha wa kidole kidogo na nafasi inabaki. Aliyembuni nzi huyu ni Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kusini mwa Uingereza. Hakutumia uzi kabisa. Alizungusha waya mwembamba wa shaba, ukafanya kazi mbili: kufunga, na kumzamisha nzi. Wateja wa siku hizi wanataka uzi, waya, na juu yake shanga ya tangsteni, ambayo ina uzito zaidi ya mara mbili ya shaba nyeupe. Naona ni kuzidisha, lakini anayelipa ndiye anayechagua.

Navika shanga kwanza, tundu lake dogo likiangalia jicho la ndoano, pale mshipi unapopita; ukiigeuza itachomoka. Nabana nyuzi nne za unyoya wa mkia wa fezanti, nazisokota, nazizungusha zikipanda. Kisha waya, mizunguko mitano yenye nafasi sawa. Fundo, mkasi, tone la gundi kwenye ncha ya sindano. Anayefuata.

“Auntie, mbona waya wako unalala kinyume?” Ni kijana mwanagenzi wa wiki ya pili.

“Natumia kushoto.”

Ndiyo. Jiliwa langu limegeuzwa, na kila ninachozungusha huinama upande ambao wenzangu hawainamishi. Msimamizi alinung’unika mwaka wa kwanza, halafu akagundua trauti, samaki wanaovuliwa kwa nzi hawa, hawajali.

Saa 5:00 linaletwa boksi lililorudishwa na mnunuzi mmoja: dazeni sita, macho ya ndoano yamezibwa na gundi. Mvuvi akiwa mtoni, giza likiingia, mshipi wake una unene wa milimita 0.15, jicho likiziba hawezi kuupitisha, na atakutukana kwa lugha usiyoijua. Ana haki. Ila hizi si zangu, nazijua kwa mlalo wa waya. Nachukua sindano hata hivyo, nazibua moja moja, ndoano sabini na mbili, bila malipo. Hilo ndilo linaloniuma: dazeni inalipwa mara moja tu, lakini kosa ni la meza nzima.

Saa 7:00, chapati na madondo.

Saa 8:00 ni zamu yangu ya kupiga picha za sampuli, kazi niliyojipachika baada ya kuchoka kuona nzi wetu wakionekana kama uchafu wa mfukoni. Simu, lenzi ndogo ya kubana, na dirisha lisilopigwa na jua. Zamani nilitumia karatasi nyeupe nyuma. Nyeupe hudanganya simu kwamba mwanga ni mwingi, nayo inamtia nzi giza. Sasa natumia karatasi ya kijivu. Nachana manyoya kwa mswaki, nafuta vumbi, nabana pumzi. Kwa karibu namna ile, hata kuhema kunaharibu picha. Kati ya picha arobaini, mbili zinafaa.

Saa 10:00 msimamizi anatuonyesha picha kutoka kwa wateja. Hapa mimi ni hakimu mkali. Wengi hunyoosha mikono mbele ili samaki aonekane mkubwa kuliko alivyo; vidole vimevimba kama ndizi, nani anadanganyika? Wengine humlaza juu ya mawe makavu, ute unaomkinga ukabaki pale. Picha ninayoipenda ni ile ya mikono iliyoloweshwa, samaki nusu majini, maji bado yanamchuruzika, naye anaachiwa baada ya sekunde chache.

Trauti nimemwona kwa macho mara moja tu, milima ya Aberdare hapa Kenya, kwenye mto Gura. Huko ndiko mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alikoweka trauti waliotoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905. Yule niliyemwona alikuwa mdogo kama kiganja changu, madoa mekundu ubavuni, na maji baridi kiasi cha kuuma mifupa. Nilisahau kabisa kutazama alikamatwa na nzi gani.

Leo kuna picha ya mzee mmoja wa Norwei. Samaki mzuri, rangi ya siagi. Kwenye pembe ya mdomo kuna kitu cheusi. Naomba simu, navuta picha ikue. Shanga. Mkia wa fezanti. Mizunguko mitano ya shaba, imeinama kinyume.

“Huyo ni wangu,” nasema.

“Acha, Auntie,” kijana anacheka. “Simu nyingine hugeuza picha kama kioo. Labda ni wa mtu mwingine.”

Ana akili, huyu. Namrudia mzee, napandisha picha hadi kwenye kofia yake. Ina maandishi ya kizungu cha kwao, sielewi hata neno. Lakini herufi zimekaa sawa, kushoto kwenda kulia.