Shangazi na mkopo wa Venisi

Usiku wa Julai hapa Uyole, Mbeya, kwenye baridi kali, watu huamkiana kwa kusogezeana jiko la mkaa. Jana tulikuwa watatu: shangazi, binti yake na mimi, na debe la maharage ya kuchambua. Kwa kuwa macho yangu hayaoni vijiwe vidogo, nikapewa kazi ya kusoma kwa sauti.

Nilianza na Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Nakala ya mtumba, haina jalada. Huwa najiuliza kwa nini Shakespeare kwenye jina la tamthilia yake alitaja mfanyabiashara mmoja na Mwalimu akaandika mabepari, tena wengi. Azimio la Arusha lilikuwa na miaka 2 tu; labda neno lilikuwa bado mdomoni. Shangazi hakujali hayo. Alitega sikio pale Antonio alipomdhamini rafiki yake kwa mkopo wa dukati 3,000, miezi 3, asipolipa akatwe ratili moja ya nyama mwilini mwake.

"Si kausha damu hiyo?" akauliza.

Nilicheka peke yangu. Mwaka juzi alichukua mkopo wa namna hiyo, wa mtaani wenye riba kali, anunue mbegu za viazi, mvua ikamgeuka, wakaja wakabeba magodoro na kabati la vyombo. Basi Portia, mke wa yule rafiki aliyedhaminiwa, katika nguo zake za kiume na uwakili wa kujitwalia, aliposema nyama ikatwe ila lisidondoke hata tone la damu, shangazi alijipiga paja mpaka maharage yakaruka. Maelezo ya tamthilia hiyo nimeyasoma mengi. Hakuna aliyenionyesha kwamba hukumu yenyewe imekaa ndani ya jina ambalo mtaa wetu umeupa mkopo.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe mahakama haijamaliza na Shylock, yule Myahudi aliyetoa mkopo: inamlazimisha awe Mkristo. Shangazi, mwanakwaya wa Moravian tangu usichana wake, akaweka ungo chini.

"Ubatizo wa mahakamani? Wamemtemea mate, wamemchukulia mali, sasa na dini yake?" Akasema hata wale waliombebea magodoro yeye hawaombei hilo.

Baadaye nikawasomea Utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Huyu ni wa kwetu, nikajisemea, Pate ya pwani ya Kenya si Venisi. Neno la kwanza tu, negema, likatukwamisha. Kiswahili cha huko Lamu na Pate, nikaeleza: mama mgonjwa anamwambia bintiye asogee karibu apokee wasia. Nikawa natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili, jambo ambalo kwa Mwitaliano wa Shakespeare sikulifanya hata mara moja.

Tulipofika kwenye mume anayelala, kwamba asikose mtu wa kumpepea, binti akaangua kicheko.

"Kumpepea? Huku? Si atapata nimonia!"

Shangazi hakucheka. Aliuliza huyo mama alikuwa anaumwa nini, na huyo binti alikuwa na umri gani. Sikuwa na jibu. Akamvuta bintiye kwa upindo wa kitenge, akamfunika bega alilokuwa ameliacha wazi, kisha akaniambia nirudie kuanzia pale pa kusogea, taratibu, maharage yalikuwa yamebaki nusu debe.